Waziri Asiye na Mtani

Wajukuu zangu wa chama cha wanafunzi wa Kitanzania hapa Marekani, mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mmesisitiza niwe mfupi. Hilo la ufupi sahauni. Mtu aliyefanya siasa miaka yote katikati ya watu wasiopenda kusema, akifika uzeeni ana akiba kubwa ya maneno, na nyie ndio mmejileta wenyewe.

Kwanza tumalize ubishi. Najua wapo wanaosema mimi ni mwongo. Nilipohamia huku Minnesota, binti yangu Liina alinipeleka kwenye sherehe ya Watanzania kule Bloomington, ukumbi karibu na uwanja wa ndege, pilau la kutosha, watoto wanakimbizana chini ya meza. Kijana mmoja, koti lake la kazi la ghala la Shakopee hajalivua, akaniuliza, "Mzee, enzi zako ulikuwa unafanya shughuli gani?" Nikamwambia nilikuwa mbunge, halafu waziri wa kilimo, halafu mbunge wa Ulaya.

"Waziri wa kwetu Tanzania?"

"Hapana. Wa Estonia."

Akatafuna nyama yake taratibu. "Estonia," akasema, "hiyo iko upande gani wa Malawi?" Meza nzima ikacheka, nami nikacheka, kumbe mwenzangu alikuwa anauliza kweli. Tangu siku hiyo mkaniita Waziri, kama vile mtu mfupi anavyoitwa Twiga.

Haya, sikilizeni. Estonia ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, imepakana na Urusi, na ukivuka maji uko Finland. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilipelekwa Leningrad kusomea udaktari wa mifugo, enzi zile Wasovieti wakitoa nafasi za masomo, nikamkuta huko msichana wa Kiestonia anaitwa Maarja, anasomea utaalamu wa jibini na siagi. Nikaenda kwao kujitambulisha kwa wazazi, nikabaki. Urusi ikawaachia nchi yao, mipaka ikabadilika, pesa zikabadilika, mimi nipo tu zizini natibu ng'ombe. Lugha niliifundishwa na wakamuaji. Nilijua kumwambia ng'ombe asogee kabla sijajua kumwambia mtu karibu. Baadaye nikafanya mtihani wa lugha, nikapewa uraia, na mke wangu akasema sasa huna kisingizio, kagombee, maana kila siku unalalamika barabara mbovu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa salamu. Nyie mnajua tulivyolelewa. Huwezi kufika kwa mtu ukamvamia na shida yako, lazima umjulie hali kwanza. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba, theluji magotini, kuomba kura za halmashauri ya kata. Nikafika kwa mkulima mmoja anapasua kuni. Nikamsalimu. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, mama hajambo, watoto wazima, ng'ombe wanaendeleaje, na huyu shemeji yako aliyeumia mguu? Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, shoka mkononi. Kisha uso ukambadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekufa?"

Kwao, mtu anayekuja kuulizia ukoo mzima ameleta msiba! Nilipita nyumba nyingi siku ile, na nadhani niliwatia hofu wapiga kura wote wa upande ule wa mto.

Aliyenitengeneza ni mama mmoja, Aino, mwenyekiti wa halmashauri, zamani alikuwa mkuu wa wakamuaji. Mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache. Alinikalisha jikoni kwake, akanimiminia kahawa, akakaa. Nikaanza kujieleza. Nikajieleza wee, yeye kimya, nami kila nikiona yuko kimya naongeza. Mwishowe akasema, "Wewe unaogopa kimya. Unakijaza kama mtu anayejaza shimo. Kimya cha mtu ni chake, mwachie."

Akanifundisha. Ukifika kwa mtu ukamkuta anapanga kuni, panga naye. Ukipanga vizuri, atakuuliza umefuata nini. Sema, usizidishe. Ukimaliza, funga mdomo uangalie macho yake yanakwenda wapi. Akitazama viatu vyako, amekataa, muage kwa heshima. Akitazama mbali, anafikiri, usimguse. Akianza kuzungumzia mvua, hapo kura umepata, na ukimrudisha kwenye siasa utaipoteza. Nililichukulia jambo hilo kama mzaha, lakini niliponyamaza, nilishinda. Wapinzani wangu walisema nimechaguliwa na ng'ombe. Sikubishana nao, ng'ombe nilikuwa nimewahudumia kweli.

Kutoka hapo mambo yakaenda yenyewe. Halmashauri, kisha bunge, kisha wizara. Msidhani wizara niliipata kwa akili nyingi. Vyama vilikuwa vinaunda serikali ya pamoja, wakubwa wanang'ang'ania fedha na ulinzi, na hakuna aliyetaka kunuka samadi. Lakini nawapa siri moja ya mazungumzo yale: kuleni kabla ya kuingia. Nimeona watu wazima, wenye shahada, wamekubali wizara wasizozitaka kwa sababu ilikuwa saa nane mchana na tumbo linaunguruma. Mimi Maarja alinifungia mkate na nyama, nikakaa kwenye kona natafuna, na mwenye shibe hana haraka.

Siku yangu ya kwanza kwenye baraza la mawaziri niliaibika. Wenzetu wale waliacha makaratasi zamani. Kila waziri anasoma hoja kwenye kompyuta nyumbani kwake, anaandika kama anaafiki au ana neno, na jambo lisilo na ubishi halizungumzwi tena mezani. Mimi sikuelewa. Nikavaa suti mpya, nikaandaa hotuba, nikafika mapema. Kufika, nikamsalimu mlinzi, nikamsalimu mpokea wageni, nikamsalimu mama wa usafi na nikamuuliza habari za mgongo wake. Nilipofungua mlango wa ukumbi, wenzangu walikuwa wanavaa makoti.

"Tunaanza?" nikauliza.

"Tumemaliza," waziri mkuu akasema, akanipita.

Hotuba ile nilikwenda kumsomea Maarja jikoni. Akaipigia makofi, akaniambia sasa kamenye viazi.

Mnacheka. Ni sawa, chekeni, ila nataka niwaambie kitu ambacho kwenye picha za magazeti hakikuonekana. Katika miaka ile yote nilikuwa mpweke. Sikunyanyaswa. Waestonia walinipa mke, kazi, kura na heshima. Kitu ambacho hawakuweza kunipa, kwa kuwa hawakuwa nacho, ni mtani.

Wengi wenu mmezaliwa huku, ngoja nieleze. Kwetu makabila yana watani wao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mnyamwezi akinikuta, hata kama hatujawahi kuonana, ana ruhusa ya kunitukana mbele za watu, kuchukua kofia yangu na kuondoka nayo, kusema mimi ni masalia ya mlo wa babu yake, nami siruhusiwi kukasirika, naruhusiwa kumrudishia tu. Na penye msiba ndipo mtani ana kazi hasa. Atakuja anayumba, anamwigiza marehemu anavyotembea, anadai deni la uongo kwa maiti, mpaka mfiwa aliyekuwa amejikunja sakafuni anacheka na machozi yanamtoka. Mtu asiye na mtani anabeba kila kitu kwa uzito wake wote. Utani huo hauna tafsiri. Nilijaribu mara moja na katibu wangu wizarani, nikamwambia nasikia babu yake aliuzwa kwa kilo ya chumvi. Akaomba radhi.

Basi nikapelekwa Brussels. Mwanzo nilikwenda kama waziri, kukaa na mawaziri wenzangu wa kilimo kwenye meza kubwa ya duara, baadaye nilichaguliwa bunge la Ulaya nikahamia kabisa. Mtu anasema lugha yake, na juu kwenye vibanda vya vioo wakalimani wanatafsiri, wewe unasikia kwenye kisikilizi sikioni. Kiestonia ni lugha ya watu wachache, hivyo maneno yangu hayakwenda moja kwa moja. Yalipita kwanza kwenye Kiingereza, kutoka hapo ndipo yakaingia lugha nyingine. Mimi sikujua kwamba hilo lina athari.

Mwaka mmoja, nikiwa bado waziri, bei ya maziwa ilikuwa imeanguka vibaya. Wakulima wa kata yangu walikuwa wanapeleka ng'ombe machinjioni, ng'ombe wazima wenye mimba, kwa kukosa chakula cha kuwapa. Nilikwenda kuwaombea. Nikaona nianze na kichekesho kidogo, kuwachangamsha. Nikawasimulia habari ya Aino na dume lake lililomla mwanasiasa suruali. Kimya. Mawaziri wananitazama tu. Nikadhani hakijachekesha, nikaendelea, nikafika kwenye habari za mama mmoja mjane aliyemkumbatia ng'ombe wake wa mwisho shingoni kabla gari halijamchukua. Hapo ndipo kicheko kikafika! Kwanza upande wa Kiingereza, kisha upande wa pili, kisha bwana mmoja wa nchi za kusini mwenye masharubu, anacheka mpaka anapiga meza. Mimi nimesimama na ng'ombe wangu wa msiba, watu wazima wanacheka.

Nilitaka sakafu inimeze. Jioni yule bwana wa masharubu alinifuata kuniomba msamaha, macho mekundu, akasema alikuwa anacheka ile suruali, tafsiri ilichelewa, habari za mjane zilimfikia baada ya kicheko. Tulisaidiwa, siyo kwa kiasi tulichotaka, ila tulisaidiwa. Nami nikajifunza. Ukisema kwa kupitia mkalimani, simama mpaka wa mwisho aliyechelewa awe amecheka. Hesabu vibanda, tazama midomo ya wakalimani, ikifumbwa yote ndipo uendelee. Nilikuwa hodari wa kusubiri baadaye. Lakini hebu fikirini, mtu anasema neno la kuchekesha, halafu anasimama peke yake anasubiri. Miaka yangu yote ya Brussels nilicheka peke yangu kwanza.

Jumamosi nilikuwa napanda treni mpaka mtaa wa Wakongo, kwenda kunyoa. Kinyozi wangu alikuwa mtu wa Bukavu, Kiswahili chake kimejaa Kifaransa, ila alikuwa akisema, "Karibu, mzee, keti pa chaise, tuone hiyo kichwa," na mimi moyo unatulia. Kichwa changu kilinyolewa mara nyingi kuliko nywele zilivyoota. Siku moja akanishika upara, akasema, "Mzee, mimi naona aibu kuchukua feza yako. Hapa hakuna kitu." Nikamwambia nyoa tu.

Maarja alifariki baada ya mimi kustaafu. Tulikuwa tumepanga kukaa pale kijijini, yeye na jibini lake, mimi na kelele zangu. Msiba wa Kiestonia ni wa utaratibu. Watu walikuja na mishumaa na maua, wakasimama, wakanishika mkono bila neno. Walinipenda, nilijua kimya kile ni cha aina gani, Aino alinifundisha. Lakini pale kaburini nilijikuta natazama njia. Namsubiri Mnyamwezi. Nasubiri mtu mmoja tu aje anayumba, aseme Maarja ana deni lake la siagi, amwigize alivyokuwa anavaa miwani puani akinigombeza. Hakuja mtu. Nilimzika mke wangu bila mtani, na nawaambia ukweli, sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Ndipo Liina akanileta huku. Anaishi kwenye mji mdogo kaskazini, ukishapita Blaine, jina nitaliacha. Nyumba mpya mpya, barabara pana, na usipokuwa na gari wewe ni kiti cha sebuleni. Macho yangu hayaruhusu kuendesha. Basi halifiki. Liina anafanya kazi maabara ya hospitali, anaondoka asubuhi anarudi amechoka, tunaongea Kiestonia, maana yake hatuongei sana. Wajukuu wangu wa damu wananiitikia kwa Kiingereza. Kuna siku nilifika jioni nikagundua sauti yangu sijaitumia tangu nilipoamka. Nikaijaribu kwa kumsalimu jokofu.

Siku moja ya kiangazi kengele ikalia. Nikafungua, nikamkuta mwanamke kijana, fulana ya kampeni, vipeperushi mkononi, amesimama karibu mno na mlango. Akaanza kwa Kiingereza cha haraka, kwamba anagombea udiwani kwenye baraza la mji, kwamba anataka basi lifike mtaani kwetu, wazee wasifungwe ndani kama wafungwa, kwamba yeye ni nesi na anawaona. Nikatazama jina kwenye kipeperushi. Zawadi, na jina la baba la Kinyamwezi lisilofichika.

"Rudi nyuma hatua mbili," nikamwambia kwa Kiswahili, "unamtisha mwenye nyumba."

Karatasi zikamwanguka. "Shikamoo babu! Jamani! Wewe ni mtu wa wapi?"

"Marahaba. Handeni. Mzigua."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akashika kiuno. "Mzigua? Sasa nani alikuruhusu kukaa kwenye nyumba yangu? Hama. Kesho naleta mizigo."

Nikashika fremu ya mlango. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, na yeye akakaa, akasema, "Babu, unalia?" Nikamwambia ni mzio wa majani. Alikuwa amezaliwa Tabora, akaletwa huku na mama yake akiwa msichana mdogo, na utani alioujua ni ule mama yake aliomfundisha jikoni.

Kuanzia hapo kila Jumamosi alinipitia na gari lake. Yeye anagonga, mimi nasimama nyuma kama mzigo wa sandukuni, tukirudi garini namweleza alichokiona. Maana jamani, watu wa Minnesota ni Waestonia wanaotabasamu! Tabasamu ndilo lililokuwa linampoteza Zawadi.

"Huyu kanikubali," akasema baada ya nyumba moja. "Kasema mawazo yangu yanavutia sana!"

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Sijui. Chini."

"Viatu vyako. Huyo amekukataa. Twende."

Nyumba ya pili bwana mmoja alikuwa anafungua mashine yake ya kufukuzia theluji, na theluji yenyewe bado miezi. Zawadi akasema habari ya basi, akataka kuongeza, nikamkanyaga mguu. Tukanyamaza wote. Yule bwana akafuta mafuta kwenye kidole, akafuta tena. Akatazama juu, akasema mwaka huu baridi itawahi. Nikamwambia naona hivyo. Tukaondoka.

"Babu umeniharibia! Hajasema lolote!"

"Huyo ni wako. Wiki ijayo utaona bango lako kwenye majani yake."

Tulipopita tena, bango lilikuwepo. Zawadi akapiga honi, akanipiga na bega. "Mzigua una uchawi wewe. Siku nikishinda nitakupa cheo cha kunibebea mkoba."

"Siku ukishinda," nikamwambia, "nitakuamkia mimi. Nitakupigia shikamoo hadharani."

"Weka nadhiri."

"Nimeweka."

Sasa hapa ndipo penye shida yangu, na sitawaficha. Nilikuwa naijua kazi ile. Najua diwani mpya anavyokuwa: vikao, simu, wananchi wanaolalamika taka, usingizi hakuna, na huyu ana zamu za hospitali juu yake. Akishinda, Jumamosi zangu zimekwisha. Akishindwa, alishaniambia atahamia kwa dada yake Texas, amechoka na baridi. Nilikuwa na mtani mmoja baada ya miaka yote ile, na kila mlango tuliougonga ulikuwa unamsogeza mbali nami. Nilitaka ashinde. Niliogopa ashinde. Nikamfundisha kila ninachokijua, sikubakiza.

Akashinda. Alinipigia simu anapiga vigelegele, mama yake nyuma yake anapiga vigelegele, mimi nimesimama sebuleni na simu sikioni. Nikamwambia lala, kesho wataanza kukuomba vitu.

Theluji ikaja mapema kama yule bwana alivyosema. Jumamosi ya kwanza Zawadi alituma ujumbe kwamba ana semina ya madiwani wapya. Ya pili alikuwa zamu. Baadaye ujumbe ukawa mfupi, kisha ukawa alama ya moyo, kisha ikawa kimya. Sikumlaumu, mimi mwenyewe niliwahi kuwa hivyo, Aino alikuwa akinitafuta wizarani wanamwambia niko kikaoni. Lakini nilikaa dirishani Jumamosi na koti nimevaa. Liina aliniona. Akauliza kwa Kiestonia, "Baba, unasubiri nani?" Nikamwambia natazama theluji. Naye ni Mwestonia, alijua namna ya kuniacha na kimya changu. Alivua koti lake la kazi, akakaa pembeni yangu, tukatazama wote.

Kisha akasema, "Baraza la mji linakaa Jumatatu. Mkazi yeyote anaruhusiwa kusema dakika tatu. Nitakupeleka."

Tulikwenda. Ukumbi mdogo, zulia la kijivu, wananchi wachache na makoti yao mapajani. Madiwani wamekaa juu kidogo kwenye meza ndefu, Zawadi mwisho kabisa, nywele amezibana, miwani puani, kibao cha jina mbele yake. Hakuniona. Alikuwa anasoma kwa bidii ya mtu anayeogopa kukosea, amechoka, mabega yameshuka. Na hakuna aliyekuwa akimsemesha. Nikamtazama, nikaijua ile hali. Nilikaa kwenye kiti kama kile maisha yangu yote.

Meya akaita jina langu, akalivunja vipande vipande. Nikaenda kwenye kipaza sauti. Nikataja jina na anwani kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nimeandaa hoja ya basi, nzuri tu, ipo mfukoni. Zawadi akainua kichwa. Mimi nikafunga vifungo vya koti, nikakunja magoti yangu haya mabovu, mzee mzima wa mvi mbele ya msichana, nikainamisha upara.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mnyamwezi," nikasema kwa Kiswahili. "Nimekuja kuuliza, ile mizigo unaileta lini? Nyumba nimeshaifagia."

Kicheko kilitoka pale pale. Hakikupita kwenye kibanda cha mtu. Alicheka mpaka miwani ikaanguka mezani, akajiziba mdomo, akashindwa, na mimi nacheka naye, sote wawili kwa wakati mmoja, na ukumbi mzima wa watu wastaarabu unatutazama kimya. Akavuta kipaza sauti chake.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Umekua."

Meya akatugeukia kwa upole, akauliza kama mzee huyu anahitaji mkalimani.

Zawadi akajifuta macho kwa kiganja.

"Hapana," akasema. "Huyu nimemsikia."